Miguu ya Mmea

Kuung'oa ilikuwa kazi ya asubuhi moja.
Niliuvuta mmea kutoka kwenye tangi, uzi kwa uzi,
majani yakaja kama shuka lililolowa,
na pale chini Nsimire akamaliza shina kwa jembe.
Kilichobaki ni miguu.

Kama hujaiona, njoo Nguba, nyuma ya nyumba yetu:
vidoti vya kahawia, vidogo kuliko ulezi,
vitano vitano kama vidole,
kila kimoja na tone lake la gundi kavu,
vimeishika plastiki
kama mtoto wa siku tatu anavyoshika kidole cha mgeni.

Mugaruka wa Essence alikuja siku ya tatu kulitazama.
Lita elfu mbili, dola mia na themanini.
Akapitisha kiganja. "Iko na miguu ya mijusi, mama.
Uipanguse kwanza. Nitarudia siku ya posho."

Sikumwambia kwamba mijusi haina subira hiyo.

Nikapangusa.
Maji ya moto: miguu ikanywa, ikavimba, ikatulia.
Brashi ya nguo ikalala meno.
Majivu na sabuni vikafanya tope zuri tu.
Mama Cishugi, juu ya ukuta, akasema petroli.
Nikaijaribu pembeni, tone moja,
plastiki ikaingia ukungu kama jicho la mbuzi mzee,
nikakimbilia kitambaa.
Nsimire akaleta waya wa kusugulia sufuria. Nikamrudisha nao.
Chuma huondoa mguu, kisha huacha kidonda,
na kidonda ndicho kinachokusanya uchafu wa kesho.

Usiku wa siku ya tano, nikiwa nimelala,
nikaona mikono ya mama akimenya ndizi mbichi.
Utomvu ulipomganda hakuugombeza kwa maji.
Alichota mawese, akasugua polepole,
akaendelea kuzungumza habari nyingine.

Nikaamka. Nikalipaka tangi mawese kwa taa ya simu,
tangi zima, jekundu kama mgonjwa wa surua,
nikalifunika hema, maana Bukavu mvua haiulizi.

Alfajiri nilitafuta kitu kigumu lakini si kigumu sana.
Droo ikanipa kadi yangu ya kura ya zamani,
picha imefutika, limebaki sikio na nusu ya jina.
Plastiki kwa plastiki, haziumizani.
Nikaiinamisha, nikasukuma,
na miguu ikaachia.
Si yote. Mingine ilitaka mafuta mara ya pili,
mingine ilitaka ukucha.
Lakini iliachia, mafungu mafungu, ikaanguka kwenye ndara zangu,
na saa nne niliosha kwa sabuni, nikarudi nyuma hatua sita kutazama.

Majani yalikuwa bado yapo.

Yaani kivuli chao. Miaka tisa ya jua
imelichujua tangi kama shati la shule la mtoto wa tatu,
isipokuwa pale jani lilipolala.
Pale buluu ni ile ya dukani, ya siku tulipolishusha
na mama akafika kutoka Kabare na kikonyo ndani ya kopo la maziwa,
akisema nyumba isiyo na kijani ni ofisi.
Jani na kikonyo chake, jani na kikonyo chake, mpaka kwenye mfuniko.

Hapo nikaweka kadi chini.
Hakuna mafuta ya kuondoa kitu ambacho hakijabadilika.

Mugaruka akaja na vijana wawili.
"Na hii?"
"Hiyo ndiyo rangi yake. Kwingine ndiko kulikozeeka."
Akacheka, akapunguza dola kumi. Nikazikubali, karo ilikuwa inangoja.

Wakalibeba kichwani, mdomo chini,
wakateremka njia ya mawe wakizungushana,
na majani yakazunguka nao.
Kutoka getini nilikuwa ninayahesabu:
kumi na saba, kumi na nane,
kisha lori la bia likapita.